Mwezi wa Pili

Tartu, mwezi wa pili, theluji imefika kwenye kitasa.
Nimewasomea sura ya tisa jikoni kwa Ülo,
viazi vikitokota, dirisha limepofuka kwa mvuke,
na kabla sijafunga daftari ameshashika penseli.

"Umewapa miezi miwili," anasema,
"mmoja mkubwa, mmoja kama punje ya dengu.
Sawa. Nipe uzito wa kila mmoja. Nipe umbali.
Siku miezi hiyo ikipangana mstari mmoja,
maji ya bamvua yatapanda hadi wapi?
Mji wako uko ufukweni. Kufikia ukurasa wa arobaini
umeshazama, na watu wako
bado wanauziana vitunguu."

Sina jibu. Bahari yetu haijui kupwa wala kujaa,
imekaa tu, kama maji ya beseni.
Bamvua nimelitoa vitabuni,
kama mtu anayesimulia ladha ya nanasi
kwa kusoma karatasi ya kopo.

Helju hangoji zamu.
Miaka thelathini amehesabu nyuzi za marehemu
kwa kioo cha kukuzia, katika jumba la makumbusho,
na vifungo hawezi kuvisamehe.
"Koti la mfalme lina vifungo kumi na viwili.
Nani alivitoboa? Kwa chuma gani?
Na hayo mapanga elfu nne! Kila panga, mpenzi,
lina mti nyuma yake, na mkaa, na mtu mwenye kikohozi.
Umeniletea jeshi zima bila kisiki hata kimoja."

"Ni hadithi!" Kaarel, mdomo umejaa mkate.
"Ukurasa wa sita kuna joka. Mbona joka hamlipimi?"

"Joka ni mkopo," anasema Ülo,
"aliniomba mlangoni, nikampa.
Haya mengine ananichomoa mfukoni."

Uongo ulikuwa umeshakuja;
utamu ndio uliokuwa bado kikaoni.

Nilikasirika, sitaficha.
Nikasema: shuleni nilifundishwa historia
yenye tarehe zote sahihi, hadi saa na dakika,
na shangazi yangu, aliyepakiwa kwenye behewa la ng'ombe,
hakuwemo. Hata kwa herufi ndogo.
Usahihi huo mnaunipa wa nini?

Kijiko kikatua.
Helju akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua.
"Ndiyo maana," akasema, "nahesabu nyuzi."

Sasa Salme, jirani wa chini,
ambaye amepanda kuota moto tu, jiko lake limekufa,
mkunga mstaafu, hajasoma riwaya tangu harusi yake:
"Huyo msichana wa mhunzi. Mimba yake ya miezi mingapi?"
Saba, nikamwambia.
"Saba kwa mwezi upi?"

Kwetu mwezi wa angani na mwezi wa kalenda
ni neno moja, na hakuna aliyekuwa amelitazama.
Punje ya dengu huzunguka kwa siku kumi na moja.
Ülo ameshapiga hesabu pembeni mwa gazeti:
"Mimba nzima, miezi ishirini na minne na ushei."
"Basi wanawake watahesabu kwa mdogo," anasema Salme,
"na wanaume, wasio na haraka, kwa mkubwa,
na siku ya kugawa urithi
kila upande utaapa mtoto si wa marehemu, au ni wake."

Viazi viliungua. Hakuna aliyeinuka.
Palepale nimefuta mapanga elfu tatu na mia nane.
Vifungo nimebakisha viwili, vya mfupa.
Mji nimeupandisha mlimani, ukilalamika, na vitunguu vyake.
Joka sikuligusa.

Saa sita usiku, darajani, Emajõgi imeganda chini yangu.
Mwezi ni mmoja. Nimegeuka nyuma, kwa mazoea ya wiki nzima,
kuutafuta wa pili,
nikakumbuka: wa pili ni huu tulio nao,
mfupi, na kodi yake sijalipa.